Printa ya Mabango Ikianza Kutoa Mistari, Usikimbilie Kununua Hedi

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mteja ameshatuma nusu ya doh kwa M-Pesa. Anataka bango la mazishi, mita moja na nusu kwa mbili, na basi la familia linatoka Nairobi alfajiri kuelekea ushago. Unafungua faili, unabonyeza chapa, mashine inaanza poa kabisa. Ikifika kwa uso wa marehemu, manze, mistari myeupe inaanza kukata picha kutoka sikio hadi sikio.

Unapigia fundi simu. Hajaona mashine, hajauliza swali hata moja, lakini jibu ako nalo tayari: "Buda, hiyo hedi imeenda. Tafuta ingine."

Hapo ndipo wasee wengi wa stika na mabango hupoteza faida ya miezi. Hedi ni moja ya spea ghali zaidi kwa hizi printa. Na mara nyingi kumbe haijakufa. Kuna kampira ka bei ya chini kamechoka mahali, ama hewa imeingia kwa paipu. Mbaya zaidi, ukifunga hedi mpya juu ya shida ile ile, hiyo mpya nayo itaanza kutoa mistari, na utakuwa umelipa mara mbili.

Kwa hivyo leo tunakuchanua. Iwe uko na duka pale River Road, iwe unakata stika za nganya kwa kakibanda mtaani, kuna mpangilio wa kutafuta shida ambao utakuokolea ganji. Unaanza na vitu vya bei rahisi, unamalizia na vya bei ghali. Si kinyume.

Kwanza jua wino unapita wapi

Printa nyingi za eko-solventi zenye utapata kwa maduka zinatumia hedi za Epson, hata kama jina lililobandikwa kwa mashine ni la kampuni ingine. XP600 iko na nozeli 1,080, DX5 iko na 1,440, na i3200 iko na 3,200. Kila nozeli ni katundu kembamba kuliko unywele. Nyuma yake kuna kakipande ambako kakipigwa na stima kanajikunja, na kakijikunja kanarusha tone la wino. Hakuna kuchemsha wino hapo. Teknolojia hiyo inaitwa piezo.

Hii si hadithi ya darasani tu. Inamaanisha hedi inaweza kuharibika kwa njia mbili tofauti: kuziba, ama kuungua kwa stima. Kuziba mara nyingi kunatibika. Kuungua, sahau.

Sasa fuata wino na macho yako. Unatoka kwa chupa, unapitia paipu ndefu, unaingia kwa dampa, ambayo ni kakikombe ka plastiki kenye chujio ndani, alafu unaingia kwa hedi. Upande wa kuegesha kuna kepu, yaani kile kifuniko chenye ukingo wa mpira ambacho hedi hulalia ikipumzika. Kepu inafanya kazi mbili: inazuia wino usikauke kwa hedi, na ikisaidiana na pampu iliyo chini yake, inavuta wino wakati wa kuosha. Kando yake kuna wipa, kale kaulimi ka mpira kanakopangusa uso wa hedi.

Hedi ni mdomo tu. Mtu akishindwa kuongea, huanzi kwa kumng'oa meno.

Testi ya nozeli inaongea, isome

Kabla hujaosha kitu, chapa testi ya nozeli. Chapa tatu mfululizo, ziandike namba, uziweke kando kwa kando. Alafu cheki haya:

Mapengo yako mahali pale pale kwa zote tatu. Hizo nozeli zimeziba, ama zimekufa. Hapa hedi ni mshukiwa, lakini bado haijahukumiwa.

Mapengo yanahama. Testi ya kwanza yako kushoto, ya pili yako kulia. Nozeli iliyoziba haihami. Hii ni hewa, kepu isiyobana vizuri, ama wino usiofika ipasavyo.

Testi ni safi, lakini ukichapa picha kubwa rangi inafifia ikielekea mwisho. Hedi iko na njaa. Wino unakuja polepole kuliko unavyotumika. Angalia dampa, paipu na chupa.

Rangi moja imepotea yote kwa mpigo. Si rahisi nozeli zote za rangi moja kuziba dakika moja. Anza kwa chupa, nenda dampa, na kama wino unafika hadi kwa hedi lakini hautoki, shuku kebo ama bodi.

Mistari imepinda badala ya kukatika. Mara nyingi ni nywele, vumbi ama wino uliogandia kwa uso wa hedi. Wipa chafu ndio huwa inaupaka.

Rangi zinachanganyika, njano inatoka na weusi. Kepu imejaa wino haujavutwa, ama wipa inabeba rangi moja kupeleka kwa ingine. Ukisafisha hizo mbili na bado zinachanganyika, pengine kuta za ndani za hedi zimevuja, na hapo ni ngori.

Rangi moja inamwagika mstari mzito usiokatika, hata mahali pasipo na picha. Zima mashine saa hiyo hiyo. Hiyo ni stima, si uchafu.

Kosa ambalo karibu kila mtu hufanya ni kubonyeza kuosha mara ya kwanza, ya pili, ya saba. Kila ukiosha unamwaga wino ambao ulinunua. Na kama kepu haibani, pampu itavuta hewa badala ya wino, kwa hivyo testi inazidi kuharibika kila ukirudia. Osha mara mbili. Kama hakuna mabadiliko, wacha, shida iko kwingine.

Hukumu kepu kabla ya hedi

Nenda kemisti ununue bomba la sindano, utoe ile ncha ya chuma. Vaa glavu, fungua dirisha, juu hizi dawa mvuke wake si wa kuchezea.

Sogeza hedi itoke juu ya kepu. Jaza kepu na dawa ya kuosha hadi karibu na ukingo. Subiri dakika tano. Kama dawa imeshuka yenyewe, kuna mahali panavuja huko chini, ama pampu haifungi. Kama imebaki, sasa washa pampu. Dawa inafaa kumezwa yote ndani ya muda mfupi. Ikibaki imekaa tu kama maji ya mvua kwa shimo la barabara, pampu imechoka ama paipu yake imejaa wino mgumu.

Ikipita mtihani huo, angalia ule ukingo wa mpira. Uwe laini, sawa pande zote, bila kovu wala wino uliokauka. Usafishe na kijiti cha sponji, si pamba, juu pamba inaacha nyuzi na nyuzi zinaishia kwa nozeli. Mpira ukiwa umevimba ama umekatika, badilisha. Kepu, wipa na dampa ni vitu vya kuchakaa kama brekipedi za gari. Hakuna aibu kuzibadilisha, aibu ni kununua hedi ili kukwepa kununua mpira.

Dampa na hewa

Tazama dampa ukiwa na tochi ya simu. Inafaa iwe na wino wa kutosha. Ukiona povu ama iko karibu tupu, kuna hewa inaingia. Cheki kila nati ya paipu na kale kapete ka mpira kalicho ndani yake. Cheki kama paipu imejikunja mahali kwa ule mnyororo unaotembea na hedi. Na usicheke, lakini cheki kifuniko cha chupa ya wino pia. Chupa ikifungwa kabisa bila tundu la kupumua, wino hauwezi kushuka. Kuna watu wamebomoa mashine nzima kwa sababu ya kifuniko.

Ukibadilisha dampa, vuta wino taratibu na bomba la sindano mpaka hewa itoke yote, ndio uiunganishe na hedi.

Kama kweli ni hedi

Umepita kote huko na mapengo bado yako pale pale. Sawa, sasa shughulikia hedi, lakini kwa upole.

Weka dawa kwa kepu, rudisha hedi ilale juu yake, zima mashine, wacha iloe nusu saa. Washa, osha mara moja, chapa testi. Ukiona hata nozeli chache zimerudi, uko kwa njia nzuri. Rudia. Usiwe na haraka, wino uliokauka wiki mbili hauyeyuki kwa dakika mbili.

Dawa lazima iwe ya aina ya wino wako. Wino wa eko-solventi unataka dawa ya eko-solventi. Ukiweka maji ya mfereji unaweza kuugandisha huko ndani kabisa. Thina ya rangi ya magari na petroli pia, hapana. Zinaweza kula gundi na plastiki.

Ukipitisha dawa moja kwa moja juu ya hedi, iache ishuke kwa uzito wake, ama sukuma kidogo sana. Ukikanyagia presha, unaweza kupasua kuta nyembamba za ndani, na hapo utakuwa umeua mgonjwa ukimpa dawa.

Alafu kuna kebo. Zile kebo bapa zinazoingia kwa hedi ndizo zimeua hedi nyingi nzuri. Usitoe wala kuingiza kebo mashine ikiwa na stima. Kuzima kwa swichi hakutoshi, chomoa kwa soketi, usubiri dakika kadhaa ndio chaji iliyobaki kwa bodi iishe. Mikono iwe kavu. Kebo iingie sawa, si kwa upande. Tone moja la wino kwa zile pini linaweza kuchoma hedi na bodi pamoja, na hiyo bili hutaki kuiona.

Nozeli ziko sawa, picha bado mbaya

Hapa hedi haina hatia kabisa, lakini bado ndio hulaumiwa.

Ukiona mistari myembamba myeupe kwa umbali sawa sawa, mashine inavuta stika mbele zaidi ya inavyofaa kwa kila pasi. Mistari ikiwa ya giza, inavuta kidogo kuliko inavyofaa, kwa hivyo pasi zinalaliana. Rekebisha setingi ya kusogeza, na ufanye hivyo kila ukibadilisha aina ya stika.

Ukiona maandishi yana kivuli, kama yameandikwa mara mbili, chapa tena ukiiambia hedi itoe wino ikienda upande mmoja tu. Kivuli kikipotea, shida ni mpangilio wa kwenda na kurudi. Ni setingi, si spea.

Hedi ikikimbia na kugonga ukuta, ama picha ikihama ghafla, angalia enkoda. Hiyo ni ile tepu nyembamba ya plastiki yenye mistari midogo inayopita urefu wote wa reli. Mashine hujua hedi iko wapi kwa kusoma hiyo mistari. Tone la wino ama grisi likiikalia, mashine inapotea njia. Ipanguse polepole na kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Usitumie dawa ya kuosha hedi hapo, inaweza kufuta mistari yenyewe.

Na kama stika inajikunja kingo na kukwaruza hedi, punguza joto la hita ama inua hedi kidogo. Kila mkwaruzo mmoja ni nywele na vumbi unazisukuma ndani ya nozeli.

Stima ikipotea katikati ya kazi

Hii ni yetu sisi wote. Stima inapotea, feni zinanyamaza, na watu wote wanatoka nje kuuliza kama ni mtaa mzima. Wakati huo hedi yako imesimama katikati ya reli, uchi, juu ya hita ambayo bado ni moto. Wino unaanza kukauka papo hapo.

Kitu ya kwanza, kabla hata hujatoka nje: chomoa mashine. Stima ikirudi kwa kishindo isikupate umeunganisha. Alafu, kama hedi inasogea bila kushindana, isukume polepole hadi juu ya kepu. Ikikataa, usilazimishe. Weka kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowa dawa, chini yake, kiguse tu. Ukipata doh, nunua UPS ambayo angalau itakupa muda wa kuegesha hedi. Na hakikisha soketi ina waya wa athi unaofanya kazi, haswa kama hewa ni kavu, juu umeme tuli hufanya wino urukie kando kama vumbi.

Mashine ya kukata nayo

Mashine ya kukata stika ni rahisi kuelewa, lakini inaliza watu kwa sababu moja: kisu kimetoka sana. Stika ya kawaida ni nyembamba sana, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kisu kinafaa kukata stika na kuacha alama hafifu tu kwa karatasi ya nyuma. Ncha ionekane kidogo sana. Ukiona inakata hadi karatasi, unaharibu kisu na ile tepu nyeupe iliyo chini.

Kisu cha digrii 45 ndicho cha kazi nyingi. Cha 60 ni cha stika nene, zile za kumulika usiku, na maandishi madogo. Anza na presha ya chini, gramu 80 hivi, kata kamraba ka testi, ongeza kumi kumi mpaka kang'oke safi.

Kona zikitoka duara ama zikiwa na mikia, rekebisha umbali wa ncha ya kisu kwa setingi. Visu vingi ni milimita 0.25. Duara lisipofunga, toa kisu uone kama kinazunguka bila kukwama. Mara nyingi kuna kakipande ka stika kamejificha ndani. Ikikata vizuri kila mahali isipokuwa sehemu moja ile ile, hiyo tepu ya chini imechimbika hapo. Badilisha. Na maandishi marefu yakienda upande, ni rola hazijakaa juu ya zile sehemu zenye mikwaruzo ya kushika, ama stika inavutwa na uzito wa rola nzima. Fungua ya kutosha mbele kabla ya kuanza.

Mashine ikisimama katikati bila sababu, badilisha kebo ya USB kwanza, alafu zuia laptopu isilale. Ikishindwa kusoma alama za kukata picha iliyochapwa, angalia kama jua ama taa inapiga alama, ama laminesheni inang'aa sana. Funika na kipande cha tepu isiyong'aa.

Na picha ikitoka kwa printa, usiikimbize kwa laminesheni ama kisu. Wino wa eko-solventi unataka kama masaa 24 kupumua. Ukiharakisha, kingo zitajikunja, na makanga atarudi na nganya yake kukuuliza maswali mbele ya wateja.

Sasa, lile bango

Turudi Ijumaa jioni. Kama nozeli chache tu zimepotea na huna muda wa kuloweka, kazi bado inaweza kutoka. Ongeza pasi, kutoka 4 hadi 6 ama 8, na upunguze mwendo. Kila mstari utapitiwa na nozeli tofauti, kwa hivyo zile nzima zitafunika mapengo ya zile mbovu. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini familia itapata picha ya mtu wao ikiwa na uso wote. Kesho yake, ukishalala, ndio uanze na bomba la sindano na kepu.

Na fundi akikwambia hedi imekufa, muulize maswali matatu kabla hujatoa hata thao moja. Testi tatu za nozeli ziko wapi? Kepu imeshika dawa dakika tano? Dampa iko na hewa? Fundi mzuri atafurahi umeuliza na atakuonyesha. Yule ambaye atakasirika, mrudishie funguo zake, na urudishe hedi yako kwa kepu.

Mwisho, kila jioni kabla hujafunga: pangusa ukingo wa kepu, pangusa wipa, chapa testi moja, egesha hedi vizuri. Dakika tano tu. Na usiache mashine ikae wiki nzima bila kuchapa kitu, hata kama hakuna kazi. Kastika kadogo ka rangi zote kanatosha. Hizi hedi nyingi huuawa na kukaa bure, na kura za Agosti 2027 zikikaribia utataka kila nozeli iwe macho.